Moja ya Kumi

Saa mbili asubuhi, Darkhan, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na sifuri ndiyo niliyokuja kufundisha.
Wanafunzi thelathini na mmoja wa uhandisi wa reli na madaraja
wanavua glavu kidole kimoja kimoja.
Kibodi zina baridi ya nyundo iliyolala nje.
Hakuna anayenitaka. Nimeshazoea:
walifuata zege, walifuata nondo na mitambo inayonguruma,
wakapewa mimi, Dulmaa wa chumba cha chini,
na somo liitwalo Misingi ya Kompyuta.

Mtu haishi ndani ya msingi, aliniambia Chuluun wiki ya kwanza.
Kweli, nikamjibu, huishi juu yake,
na huukumbuka siku ukuta unapopasuka.
Akaandika. Sijui aliandika nini.

Leo nimewapa kazi ya kitoto.
Anzeni na sifuri. Ongezeni moja ya kumi. Mara kumi.
Kisha iulizeni mashine: je, hii ni moja?

Vidole. Bomba la mvuke likikohoa ukutani.
Halafu sauti, safu ya nyuma:
"Mwalimu, inasema hapana."
"Yangu pia imekataa."
Enkhjin, asiyekosea hesabu tangu darasa la tatu,
anafuta yote, anaandika upya herufi kwa herufi,
kama mtu anayetafuta tundu kwenye ndoo.
Skrini inamrudishia sifuri, nukta,
na tisa zinazofuatana kama mabehewa ya makaa.

"Virusi."
"Mashine zenyewe za bei rahisi."

Nachukua chaki.
Iandikeni theluthi kwa desimali, nawaambia.
Tatu, tatu, tatu, mtaandika mpaka mstaafu,
na hakuna atakayesema mkono wenu umeharibika.
Hii nayo ina vidole viwili tu, sifuri na moja.
Nusu inaishika. Robo inaishika. Hata thumni.
Moja ya kumi inaiponyoka,
basi inakata mahali fulani, inabaki na kijiko kisichojaa,
na nyinyi mnamwaga vijiko kumi mkitaka kikombe kifurike.

Wanaandika. Naujua uandishi huu:
kalamu inaendelea na safari,
kichwa kimeshuka kituo kilichopita.

Ndipo Sodnom anainua mkono, nusu.
Tangu Septemba sijasikia sauti yake.
"Baba yangu," anasema, anaona haya, anaendelea,
"anakagua njia kusini mwa mji. Ana kipande cha bati,
anakipitisha kwenye pengo kati ya reli na reli.
Sasa hivi pengo ni pana. Julai linakaribia kuziba.
Mtu akiziunganisha ziguse leo,
wakati wa joto njia itajikunja kama nyoka."
Anatazama dawati. "Kwa hiyo yeye haulizi kama zimegusana.
Anauliza kama bati linapita."

Kitabu kina neno refu kwa jambo hili.
Nililiandaa, limo kwenye slaidi ya arobaini na mbili.
Slaidi sikuifungua. Nilimpa chaki.

Aliandika mstari mmoja: chukua tofauti,
uondolee alama ya kutoa, uliza kama ni ndogo kuliko bati.
Akasahau kufunga mabano.
"Mabano!" darasa zima, hata waliokuwa wamelala.
Wakaandika, wakabonyeza,
na ndiyo ikaanza kutokea, dawati baada ya dawati,
Enkhjin akiwa wa mwisho, kwa sababu bado alikuwa amenuna.

Chuluun peke yake hakushangilia.
"Na bati," aliuliza, "liwe nene kiasi gani?"

Miaka kumi na tisa nimelingoja swali hilo
kutoka kwa mtu aliyekuja kutafuta zege.
Wiki ijayo, nilisema, na kengele ikaniokoa,
maana kwa hesabu za mashine ninalo jibu,
kwa reli sina.

Jioni nilipitia njia ya stesheni, nikajidai nafunga kiatu.
Nikachomeka kidole penye kiungo, glavu ikiwa mkononi.
Kikapita, kikabakiwa na nafasi.